Mpapai Uliopigiliwa Msumari

Msumari ulikuwa wa inchi nne, umeshaanza kushika kutu, na ulikuwa umezama kwenye shina la mpapai usawa wa goti. Utomvu mweupe ulikuwa umechuruzika chini yake na kukauka kama nta ya mshumaa. "Huu ni mwanaume, papa," mama mwenye bustani aliniambia. "Mwaka mzima unakula samadi yangu, na malipo yake ni maua tu. Nimeupiga msumari ugeuke." Tulikuwa Kapolowe Misheni, upande ambao bustani huteremka kuelekea Ziwa Tshangalele. Ilikuwa mwezi wa 7, na baridi ya asubuhi, ile inayowafanya watu wa Katanga watoke nje wamejitanda vitenge viwili, ilikuwa haijaondoka juu ya maji. Alikuwa amepanda mipapai 12. Katika hiyo, 7 ilitoka dume.

Msumari huo, au ndugu zake, nimekutana nao mahali pengi. Kuna wanaoukata mti kilele. Kuna wanaouchanja shina kwa panga. Msomi wa mjini huona ni ushirikina, lakini mimi siwezi kuwabeza, kwa sababu mara nyingine msumari huonekana umefanya kazi. Mpapai dume hauna msimamo. Majira yakibadilika, au mti ukijeruhiwa, baadhi ya maua katika vishada vyake virefu huweza kukuza ovari na kuzaa vitunda vyembamba vinavyoning'inia mbali na shina. Kapolowe iko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi kweli. Aliyepigilia msumari mwezi wa 6 na kuona vitunda baadaye ana haki ya kuushukuru msumari wake. Ila mti haujageuka. Ndani ya kila chembe yake umebaki dume, na majira yakirudi nao utarudia desturi yake.

Swali lililo nyuma ya msumari ni zito, nalo limewasumbua wazalishaji wa mbegu kwa zaidi ya karne: mtu atawezaje kupanda mbegu akijua, kabla hazijachipua, kwamba zote zitakuwa jike?

Mpapai una hali tatu, na kila aliyekulia penye mipapai anazitambua kwa macho hata kama hajawahi kuzitajia majina. Dume hutoa vishada virefu vyenye maua madogo mengi. Jike hutoa ua kubwa, moja au mawili, lililong'ang'ania shina kwenye kwapa la jani, na tunda lake ni la mviringo, lenye tumbo pana. Wa tatu ni wa jinsia mbili: ua lake lina ovari na chavua pamoja, na tunda lake ni refu, nene kwa nyama, jembamba kwa tumbo. Hilo papai refu tutalirudia, maana ndilo lenye ufunguo wa bustani ya yule mama. Shida ni kwamba mche hausemi kitu mpaka uchanue, na kuchanua huchukua miezi mitano, sita, na hata zaidi penye baridi. Muda wote huo mtu amebeba maji, ameng'oa magugu, ametia samadi, na hajui anamlea nani.

Nilimwomba mama maharagwe. Alileta meupe na mekundu, tukayatandaza juu ya ungo. Kila mti, nilimwambia, una maharagwe mawili mfukoni, na kila mbegu huzaliwa kwa kuchukua moja kwa mama na moja kwa baba. Mpapai jike una meupe mawili. Dume lina jeupe moja na jekundu moja. Kwa mama, mbegu haina la kuchagua, itapata jeupe. Kwa baba, nusu ya chavua imebeba jeupe na nusu imebeba jekundu. Meupe mawili yakikutana, jike. Jeupe likikutana na jekundu, dume. Ni nusu kwa nusu, na kati ya miti 12 kupata madume 7 ni jambo la kawaida kabisa, halina mkono wa mtu.

Aliyatazama maharagwe kwa muda. "Kumbe ni baba," akasema.

Najua alikokuwa amefika kwa mawazo, kwa sababu katika familia zetu nyingi mwanamke anayezaa mabinti watupu bado analaumiwa, ilhali hata kwa binadamu mwenye harage jekundu ni mwanamume. Sikuongeza neno. Yeye mwenyewe alikuwa ameshalipata.

Basi turudi kwenye ungo. Tunataka mbegu zote ziwe na meupe mawili. Kwa hiyo tunahitaji baba mwenye meupe matupu. Baba wa namna hiyo hayumo katika madume hata tukitafuta dunia nzima. Yumo katika majike. Akipatikana jike wa kukubali kutoa chavua, chavua yake yote itabeba meupe. Ikipakwa kwa jike mwingine, au kwa jike yule yule, kila mbegu itakayozaliwa itakuwa jike. Mbegu za jike zinazotokana na majike peke yao, bila dume kushiriki. Hilo ndilo wazo lote, na mtu akilishika kwa maharagwe hahitaji kuliogopa kwa majina ya maabara.

Aliyelikaribia kwanza hakujua amelikaribia. Rudolf Jakob Camerarius alikuwa daktari na msimamizi wa bustani ya mimea huko Tübingen, Ujerumani. Mwaka 1694 alimwandikia mwenzake Michael Bernhard Valentini barua ndefu juu ya jinsia ya mimea. Alikuwa ameng'oa maua dume ya mbarika kabla hayajafunguka, akakuta mbegu hazikukua. Alikuwa ameangalia mforosadi jike uliokuwa mbali na dume, akakuta mbegu zake ni tupu. Kutokana na majaribio ya namna hii alithubutu kusema kwamba mimea nayo ina baba na mama. Lakini mmea mmoja ulimkatalia: bangi. Aliyatenga majike mbali na madume, na bado akavuna mbegu kadhaa. Jambo hilo lilimkera, na kwa uaminifu wake hakulificha. Mimi nampenda kwa hilo kuliko kwa ugunduzi wake. Leo tunajua kwamba jike la bangi, likikosa chavua kwa muda mrefu au likipata msukosuko wa hali ya hewa na mwanga, huweza kuchomoza maua dume machache likajichavusha lenyewe.

Bangi si mmea mgeni katika historia ya Kongo. Huko Kasai katika karne ya 19, chini ya chifu Kalamba Mukenge, kulikuwa na watu walioitwa Bena Diamba, yaani wana wa bangi, walioifanya kuwa alama ya undugu na amani kati yao. Wasafiri Wajerumani Hermann Wissmann na Paul Pogge walipopita huko mwaka 1881 waliwakuta. Sheria ya Kongo ya leo inaikataza, nami siandiki ili mtu aipande. Ninaitaja kwa kuwa kazi ya kumfanya jike awe baba imefanyika kwake. Mmea wake una majike na madume yaliyotengana kama mpapai, na wakulima wa Ulaya waliokuwa wakiilima kwa ajili ya nyuzi waliwahi kuchanganya majina kwa karne nyingi: ule uliobeba mbegu, kwa kuwa ulikuwa mnene na wenye nguvu, waliuita dume.

Mwaka 1982, H. Y. Mohan Ram na R. Sett wa Chuo Kikuu cha Delhi walichapisha kazi yao juu ya majike ya bangi waliyoyatia michanganyiko yenye madini ya fedha. Vichipukizi vilivyopata dawa hiyo vilitoa maua dume, yenye chavua iliyo hai na inayoweza kutunga mbegu. Mti ulikuwa jike kwa maharagwe yake, na ulibaki jike. Ni maua tu yaliyobadilika.

Kwa nini fedha? Jibu liko kwenye shimo la kuivishia ndizi. Mtu anapofukia mkungu na kuufunika majani, kinachoziivisha ndizi ni gesi inayotoka ndani yake zenyewe, iitwayo etilini. Gesi hiyo hiyo, katika mimea kama bangi na tango, huliambia chipukizi litoe ua jike. Chembe za fedha huziba mahali ambapo mmea huisikia etilini. Gesi ipo, lakini mmea umekuwa kiziwi kwake, nao hutoa ua la upande wa pili. Nikisema hivi kwa wakulima huwa wanaelewa upesi sana, kwa kuwa wote wameivisha ndizi.

Kazi hiyo ina adabu zake, na hapa ndipo wengi huharibu. Kwanza, jike la kutolewa chavua lazima lichaguliwe miongoni mwa yale ambayo hayatoi maua dume yenyewe, hata yakikosa maji au yakipigwa baridi. Anayelichagua lile linalotoa chavua kwa urahisi, kwa sababu ni rahisi, anarithisha udhaifu huo kwa mbegu zote, na mwaka ujao shamba lake litajichavusha bila ruhusa. Pili, jike likijichavusha lenyewe kizazi baada ya kizazi, damu inakuwa moja mno. Mimea hupungua nguvu na ugonjwa mmoja unaweza kuifagia yote. Chavua ya jike mmoja kwa ua la jike mwingine asiye ndugu yake ni njia ya afya zaidi. Tatu, dawa za fedha ni sumu, na sehemu iliyonyunyiziwa haipaswi kuliwa na mtu wala mnyama.

Hata hivyo ushindi mkubwa wa wazo hili uko kwenye sahani za watu, kwa njia ya tango. Mtango wa kawaida hutoa maua dume mengi na majike machache, na mkulima hula majike, maana ndiyo yanayokuwa matango. Marekani, mwaka 1960, C. E. Peterson wa Michigan alikuwa na mitango yenye asili ya Korea iliyotoa maua jike karibu matupu. Furaha kubwa, kisha swali: mmea usio na ua dume utatunzwaje kwa mbegu? Yeye na mwenzake walionyesha mwaka huo huo kwamba jibereli, homoni ya mimea, ikinyunyiziwa kwenye mmea huo huleta maua dume. Baadaye fedha nayo ikaingia kazini. Kwa njia hiyo mitango ya jike hutunzwa na kupandishwa, na mbegu nyingi za matango ya kibiashara zinazouzwa duniani leo zinatokana na mama wa aina hiyo. Anayenunua pakiti ya mbegu za tango na kuona mmea unazaa karibu kila kifundo, huenda anaivuna kazi ya jike aliyefanywa baba.

Kutoka bustanini tuliona mitumbwi ikirudi. Ziwa Tshangalele ni ziwa la kutengenezwa: mto Lufira ulizuiwa kwa bwawa la Mwadingusha ili kupata umeme wa migodi, na kituo chake kikaanza kazi mwaka 1930. Maji yaliyofurika juu ya ardhi ya Wasanga yakawa pa kuvulia, na tilapia wa humo wameilisha Likasi na Lubumbashi tangu wakati huo. Nawataja samaki kwa sababu kwao swali ni lile lile likiwa limepinduliwa. Mfugaji wa tilapia hataki majike. Tilapia jike wa jamii hii hubeba mayai na watoto mdomoni, na akiwa hivyo hali. Anadumaa wakati dume anaongezeka uzito. Tena wakizaana bwawani, mfugaji huvua maelfu ya vidagaa visivyo na bei.

Suluhisho la kwanza lilitoka kwetu pwani, ingawa lilionekana mbali. Mwaka 1960 C. F. Hickling, aliyekuwa akifanya utafiti Malacca, alieleza kwamba tilapia dume walioletwa kutoka Zanzibar wakikutana na majike wa tilapia wa Java, watoto wote huwa madume. Samaki wa Zanzibar walikuwa wa asili ya mto Wami huko Tanganyika, na kwao mpangilio wa maharagwe ni mwingine: dume ndiye mwenye mawili ya aina moja, na jike ndiye mwenye mchanganyiko. Mpangilio huo ulipokutana na ule wa samaki wa Java, kila kifaranga alitoka dume. Baadaye wengine waliwafanya madume wa tilapia wa Nile wawe majike kwa homoni, wakawazalisha na madume wenzao mpaka wakapata dume lenye maharagwe mekundu mawili, ambalo watoto wake wote ni madume. Ni ile kazi ya bangi, upande wa pili wa kioo.

Mama alikuwa mvumilivu na samaki wangu, kisha akanirudisha alikotaka. "Basi hiyo dawa ya fedha tuipe papai jike."

Hapa ilinibidi nimvunje moyo. Mpapai jike ni mkaidi. Dume hubadilika kwa baridi na majeraha, wa jinsia mbili hubadilika kwa joto na ukame hadi wakati mwingine hukosa kuzaa, lakini jike haliyumbi. Hutoa maua jike katika majira yote, na hakuna dawa inayotegemewa na wakulima ya kulifanya litoe chavua. Njia iliyofaulu kwa tango inagonga ukuta hapa. Wala hailazimu kuuvunja, kwa kuwa mpapai una mlango mwingine, ulioonyeshwa mwaka 1938 na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake: J. D. J. Hofmeyr huko Afrika Kusini na W. B. Storey huko Hawaii.

Mlango huo ni papai refu. Niliongeza kwenye ungo harage la tatu, la njano. Mpapai wa jinsia mbili una jeupe moja na la njano moja. Sasa sikiliza sheria ya ajabu ya mmea huu: mbegu ikipata maharagwe mawili ya rangi, jekundu kwa jekundu, njano kwa njano, au jekundu kwa njano, hufa ikiwa bado changa ndani ya tunda. Kwa hiyo mti wa jinsia mbili ukijichavusha wenyewe, kati ya kila mbegu nne zilizotungwa moja hufa, mbili huwa za jinsia mbili, na moja huwa jike. Dume halipo. Haliwezi kuwapo, kwa sababu harage jekundu halikuingia popote. Zinazobaki hai ni theluthi mbili za papai refu na theluthi moja ya papai la mviringo, na zote huzaa.

Yule mama hakuhitaji maabara kwa hilo. Alihitaji jirani mwenye mpapai wa matunda marefu, naye alikuwa naye, ng'ambo ya ua. Kazi yenyewe ni hii. Kitumba cha ua huchaguliwa siku moja au mbili kabla hakijafunguka, kwenye mti ambao tayari umezaa mapapai marefu yenye ladha nzuri. Huvishwa kifuko cha karatasi au cha kitambaa chepesi na kufungwa kwa uzi, ili nondo na wadudu wengine wasilete chavua ya dume kutoka bustani jirani. Ua hujichavusha ndani ya kifuko. Baada ya siku kadhaa tunda changa likionekana limeshika, kifuko hutolewa na uzi wa rangi hufungwa kwenye kikonyo, ili mwenye mti asiliuze wala watoto wasilichume. Likiiva, mbegu husuguliwa kwa mchanga au majivu hadi ule utando wa utelezi uishe, huoshwa, na hukaushwa kivulini. Tunda moja hutoa mamia ya mbegu.

Kisha miche mitatu kwa kila shimo, mvua za Novemba zikishika. Ikichanua, mmoja hubakishwa na miwili hung'olewa. Tulipiga hesabu pamoja. Kwa mbegu zake za zamani, za jike na dume, shimo moja katika kila 8 lingekuwa na madume matatu, yaani hasara tupu. Kwa mbegu za kifuko hakuna shimo la hasara. Na shimo ambalo miche yote mitatu ni majike ya mviringo, bila hata mmoja wa papai refu, ni moja katika 27.

"Na haya?" akauliza, akinyoosha mkono kwenye mipapai yake 7.

Hapo ndipo wengi hukosea kwa hasira. Majike yake 5 hayana chavua ya kwao. Akiyakata madume yote, na jirani naye akiukata ule mti wake wa matunda marefu siku moja, maua yataanguka na mapapai ya mviringo atayakosa. Dume moja huwatosha majike kumi na zaidi, kwa kuwa chavua yake ni nyingi na nondo hawachoki. Sita ikatwe, nilimwambia, mmoja ubaki mpaka ile mipya izae.

Alizunguka bustani mara mbili akiitazama. Mwishowe alirudi kwenye ule wenye msumari, akamwita mwanawe alete koleo. Kijana alihangaika kidogo, maana kutu ilikuwa imeshikamana na shina, kisha msumari ukatoka, na utomvu mweupe ukaanza kuchuruzika upya.